Mengineyo

Mimi ndiye niliyeshika kalamu.
Miaka sita, madaftari matatu, mkono huu huu,
katika chumba cha juu cha ushirika wetu wa maharage, Kadutu,
penye meza moja ndefu na viti kumi na kimoja
visivyofanana hata viwili.

Barua ya mwaliko ilisema saa tatu.
Saa tatu alikuwepo Zihalirwa peke yake,
amewahi ili apate kulalamika kwamba wengine wamechelewa.
Saa nne tukasali.
Saa nne na nusu nikasoma kumbukumbu za kikao kilichopita,
zote, hadi nani aliomba radhi na kwa homa gani,
na wajumbe wawili wakagombania mkato.
Kisha salamu za rais wa bodi.
Kisha salamu za kujibu salamu.
Kisha rangi ya lango:
bluu ya ziwa, au bluu ya sare za shule?
Saa mbili nzima, rangi ya lango.

Na chini kabisa ya karatasi, baada ya namba nane,
jua limekwisha kuangukia upande wa Bagira,
neno moja dogo: Mengineyo.
Humo ndimo tulimoulaza ukuta.

Ukuta wa depo, upande wa bonde.
Mwezi wa tatu ufa wake uliingia ukucha.
Mwezi wa tano, kidole.
Mwezi wa tisa mtoto wa Namwezi alificha humo kijiko.
Kila mara Namwezi aliinua mkono,
na kila mara umeme ulikuwa umekatika,
mjumbe wa Panzi anatafuta pikipiki,
chupa za soda zimebaki povu.
Nami nikaandika: Suala la ukuta limeahirishwa.
Mara tisa. Nimehesabu.
Mwandiko safi. Hata mkato haukukosewa.

Mvua ya Novemba haikuomba nafasi ya kusema.
Ilikuja usiku, ikausukuma ukuta bondeni
pamoja na magunia mia mbili na kumi
na kitanda cha mlinzi.
Mlinzi, Kashosi, alikuwa ametoka kununua sigara.

Kikao kilichofuata, rais alisimama
kumshukuru Mungu kwa ajili ya sigara ile.
Alikuwa anaingia dakika ya ishirini
Namwezi alipovuta ajenda,
akaigeuza juu chini, akaweka kidole.
"Leo tunaanzia hapa."

Ukuta. Nani anaujenga?
"Bodi," mtu akasema.
"Bodi haina mikono. Nataka jina."
Birindwa akalitoa jina lake polepole,
kama anayeng'olewa jino.
Lini?
"Hivi karibuni."
"Hivi karibuni ni siku gani ya juma?"
Kwa pesa ipi?
Mweka hazina akafungua begi, akalifunga, akalifungua tena.
Ilikuwamo pesa ya rangi ya lango.

Nikaandika jina, tarehe, kiasi.
Mistari mitatu. Kalamu ikabaki hewani,
haijui pa kwenda.

Saa tano na robo tulikuwa nje.
Soda hazijafika.
Hakuna aliyejua la kufanya na mchana mzima namna ile;
tukasimama ngazini kama wanafunzi
waliofukuzwa kwa deni la karo.
Halafu Zihalirwa, bila kulalamika,
akaanza kuteremka, nasi nyuma yake,
viatu vya kikao vikizama katika tope,
tukaenda kulitazama shimo.
Wengi wetu, kwa mara ya kwanza.

Lango bado halina rangi.
Daftari la nne lina kurasa nyingi nyeupe.
Lakini usiku, mvua ikigonga bati,
huwa naamka, nafungua lile la tatu,
nasoma limeahirishwa, limeahirishwa,
kwa mwandiko wangu mzuri,
kisha nachungulia dirishani.
Kule chini, kando ya ukuta mpya,
pana kimoto kidogo, chekundu, kinapanda na kushuka.
Kashosi hajalala. Anavuta.